Mkono wa Mheshimiwa na Karata ya Kunguni

Chakacha. Kimya. Chakacha tena.

Asumini alifumbua macho gizani. Kwanza alidhani ni panya kaingia kwenye mfuko wa unga, maana umeme ulikuwa umekatwa tangu jana, na panya wa mtaa ule walijua ratiba ya mgao kuliko watu wa umeme wenyewe. Akanyoosha mkono kupapasa kandambili ya kumrushia. Sauti ikaja tena, safari hii karibu na miguu yake, ndani ya shuka: chakacha, chakacha, pwaa. Hapo akaurudisha mkono. Panya hawezi kuchanga karata.

"Kidawa."

Kimya.

"Kidawa, nakusikia."

"Nimelala, mama."

"Aliyelala hajibu."

"Najibu ndotoni."

Asumini akacheka bila kupenda. Nje kulikuwa bado hakujapambazuka, lakini ndoo zilishaanza kugongana kule bombani, na sauti ya Bi Mwantumu muuza uji ikisikika inamwuliza mtu kama amekuja kuteka maji au kuoa. Kidawa akatambaa mpaka kwenye mto wa kulalia, akaleta kichwa chake kidogo kwenye kwapa la mama yake.

"Niambie tena ya Kunguni."

"Alfajiri yote hii?"

"Leo Bibi Mwantumu anacheza. Na Kunguni aliyenaye ni wangu mimi, nimemwazima. Nataka niwe najua."

"Haya. Mwenyekiti wa Milele anasemaje?"

"'Karata hii haiguswi na adui,'" Kidawa akasoma kwa kichwa.

"Na Kunguni?"

"'Kila adui atachagua mwenyewe karata moja iliyo mbele yake, aitoe mezani.'"

"Basi. Hapo Kunguni kamgusa Mwenyekiti?"

"Hajamgusa. Kaongea tu."

"Nani anaitoa karata?"

"Mwenyewe!"

"Na kama mbele yake yuko Mwenyekiti peke yake?"

Kidawa akacheka mpaka shuka likatikisika. "Anamtoa huyo huyo! Anamtoa mkubwa wake kwa mkono wake mwenyewe!"

"Ndiyo hivyo. Kanuni fupi, haina kona. Sasa lala kidogo, nikavae."

*

Inafaa hapa tuieleze kidogo nchi yenyewe, maana haifanani na yetu hata chembe, na msomaji asiyeelezwa anaweza kupotea.

Jina lake hubadilishwa kila baada ya uchaguzi, kwa hiyo sisi tutaiita Nchi tu. Zamani Nchi ilikuwa na mahakama kama za watu wengine. Kisha mchwa wakala majalada yote ya kesi. Serikali ikawashitaki mchwa, lakini kesi ikaahirishwa kwa kuwa jalada lake halikuonekana. Majaji wakiwa bado wanalitafakari hilo, Kiongozi Mkuu alihudhuria sherehe ya kuzaliwa ya mjukuu wake, akaona watoto wanagombea kipande cha mwisho cha keki. Hawakupigana. Walitoa karata mifukoni, zile za picha zinazopatikana ndani ya pakiti za biskuti, wakacheza kidogo. Mmoja akashinda, akala keki. Mwingine akalia, akapanguswa, yakaisha. Kiongozi Mkuu alitokwa na machozi mbele ya wapiga picha.

"Haki yote hii," akasema, "kwa muda ambao wakili bado anatafuta joho lake!"

Mahakama zikafungwa wiki ile ile, na majaji wakapewa kazi ya kuchanga karata.

Toka hapo, aliyedai shamba, mirathi au njia ya kupita alikuja na karata zake. Mchezo si mgumu. Kila mtu anashusha karata mbele yake, karata zinapambana, na anayebaki bila karata mezani ameshindwa. Kila karata ina maneno yake chini ya picha. Kulikuwa na Mgambo, na Jenereta Bovu, na Diwani Aliyelala, ambaye alikuwa na nguvu nyingi ila hajawahi kuamka. Karata adimu kuliko zote ilikuwa Mwenyekiti wa Milele, mwenye kingo za dhahabu. Wataalamu walisema kumpata ni bahati tupu, na bahati hiyo ilikuwa inawaangukia mawaziri. Kiwanda cha biskuti hakikujulikana ni cha nani, ingawa malori yake yalikuwa yanalala kwenye uwanja wa nyumba ya Waziri wa Maji. Wananchi walikula biskuti asubuhi, mchana na jioni. Watoto walisahau ladha ya ugali, na daktari wa meno akawa mtu wa heshima.

Shida ilikuwa pale maneno ya karata hii yalipogombana na maneno ya karata ile. Kwa ajili hiyo ikaundwa Idara ya Ufafanuzi, yenye waamuzi, manaibu waamuzi na watazamaji wa waamuzi. Mkulima mmoja alishusha Mvua sekunde ile ile jirani yake aliposhusha Ukame. Idara ilikaa msimu mzima, ikafafanua kwamba mvua imenyesha na haikunyesha, na wakulima wa wilaya ile wakaagizwa kupalilia kwa uangalifu. Tena ilikuwa kanuni kwamba mchezaji akiita "Mwamuzi!" na kuuliza swali, meza yote hutuama: hakuna kukohoa, hakuna kujikuna, mpaka jibu litoke, ili hali ya mchezo isibadilike. Katika kesi moja ya ukuta jibu lilichelewa mpaka mchezaji mmoja akastaafu akiwa amesimama.

Watu wa Nchi walizoea. Waliona afadhali. Kwetu, tunashukuru, mambo kama haya hayawezi kutokea.

*

Asumini alikuwa Mwamuzi wa Muda. Alikuwa wa muda kwa muda mrefu sana.

Kazi hiyo aliipata kwa masomo ya jioni. Darasa lenyewe lilikuwa la watoto wa chekechea, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakiwa masikioni, wakijifunza kanuni chini ya mchoro wa bata. Kila jioni Asumini alipokwenda, Kidawa, aliyekuwa hajaota meno hata moja, alibaki mgongoni kwa Bi Mwantumu. Bi Mwantumu alimkorogea uji, akamwimbia, akampangusa, akamlaza. Asumini aliporudi amechoka, alikuta na bakuli lake limefunikwa sahani.

"Soma, mwanangu," Bi Mwantumu alikuwa akisema. "Huko kwenye hizo karata na sisi tuwe na mtu wetu."

Asumini alikuwa anaipenda kanuni. Aliipenda kama watu wengine wanavyopenda maua: kwamba mtu mdogo mwenye karata ndogo, akiijua vizuri, anaweza kukaa meza moja na mkubwa. Jioni moja aliuliza swali darasani. Mwamuzi akishatoa hukumu huweka mezani kigae chekundu, na kigae hicho hakiguswi na mtu, awe Waziri, awe Mkuu wa Idara, awe Kiongozi Mkuu. Sasa je, kama mwamuzi amekosea?

Mwalimu wao alitafuta kitabuni, akashangaa mwenyewe. "Iko kanuni," akasema. "Aliyekiweka ndiye peke yake anayeweza kukiondoa, kabla mali haijakabidhiwa." Kisha akacheka. "Lakini haijawahi kutokea. Hiyo imewekwa kama pazia kwenye chumba kisicho na dirisha. Pambo tu. Tuendelee."

Wakaendelea.

*

Mali iliyogombewa siku ile ilikuwa bomba la mtaa.

Lilikuwa bomba moja, lenye koki iliyofungwa kitambaa ili isivuje, na mtaa wote ulikunywa hapo. Mheshimiwa Tondoro, Waziri wa Maji na Sherehe, alikuwa amejenga nyumba upande wa pili wa barabara, na katika bustani yake alitaka chemchemi: sanamu yake mwenyewe, imesimama, inatoa maji kinywani kama hotuba. Mafundi wakamwambia presha haitoshi mpaka lile bomba lifungwe. Angeweza kulifunga tu. Lakini yeye ni mtu wa sheria, akasema litachezewa karata.

Mtaa ukamchagua Bi Mwantumu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, wakadhani karata ni hivyo hivyo. Watoto wakamkusanyia karata zao nzuri, akazifunga kwenye pindo la kanga pamoja na ndimu.

Ukumbi wa Ufafanuzi ulijaa. Bi Mwantumu alikaa kwenye kiti chake, ananukia moshi na iliki. Mheshimiwa Tondoro aliingia baada ya bendi, akifuatwa na kijana aliyebeba mto wa hariri, na juu ya mto, karata moja.

"Nyingine ziko wapi, Mheshimiwa?" karani akauliza kwa adabu.

"Nyingine za nini?" Tondoro akageukia watu ili wote wamsikie. "Ndugu wananchi! Mwenyekiti wa Milele hahitaji wenzake. Mwenyekiti akikaa na wadogo, anakaa nao kufanya nini? Anatosha!"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa mgambo walikuwa wanatazama nani hapigi.

Asumini alikuwa amekaa kiti cha mwamuzi, kigae chekundu mapajani. Nyuma yake alisimama Bwana Kwangaya, Mkuu wa Idara, mtu mnene mwenye sauti nyembamba, ambaye hakuwahi kutoa uamuzi wowote maishani na ndiyo sababu alipanda haraka.

Tondoro akashusha Mwenyekiti. Dhahabu ikametameta. Bi Mwantumu akafungua pindo, akaweka ndimu pembeni, akachambua karata zake taratibu kama mtu anachagua mchele.

"Bibi, cheza," Tondoro akasema. "Tuna chakula cha mchana."

"Nacheza, baba. Wewe una chakula cha mchana, sisi tuna maji ya kukipikia. Acha nitulie."

Watu wakaguna kwa kicheko, wakakimeza. Bi Mwantumu akashusha karata moja, imekunjika kona, ina alama ya jino la mtoto.

"Kunguni," akasema. "Chagua mwenyewe karata moja iliyo mbele yako, baba, uitoe mezani."

Tondoro akatazama mbele yake. Mbele yake alikuwako Mwenyekiti, peke yake, anatosha. Ukumbi ukaanza kuelewa, polepole, kutoka safu za nyuma kuja mbele. Mtu akasema "Looo!" Katika kundi la watoto mlangoni Kidawa alikuwa anaruka ruka, mikono kinywani.

"Mwamuzi!" Tondoro akapiga kelele. "Mwenyekiti haguswi!"

Meza ikatuama. Bendi ikatuama, tarumbeta mdomoni. Inzi aliyekuwa anatembea kwenye kipara cha karani akaachwa aendelee, kwa kuwa yeye hakusomewa kanuni. Wote wakamtazama Asumini.

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelitoa alfajiri ile ile, gizani, bila taa wala kitabu.

"Binti yangu," Bwana Kwangaya akanong'ona, pumzi yake ya moto sikioni. "Usikimbilie. Jibu la haraka ni dharau. Unajua ile nafasi ya kudumu imekaa wazi? Na nyumba yake. Ina bomba ndani. Ndani, unasikia? Mtoto anafungua tu hivi, maji yanakuja. Mtoto wako anaitwa nani vile?"

"Kidawa."

"Kidawa. Jina zuri. Mfikirie Kidawa."

Asumini akamfikiria. Alimfikiria ameshika koki inayong'aa, maji yanamtiririka viganjani. Alimfikiria pia mwenye kazi ya muda, jinsi anavyoondolewa, asubuhi moja, bila hata kuambiwa. Hakumtazama Bi Mwantumu. Akasimama, na sauti iliyomtoka ilikuwa nzuri, ya kisomi, ya mtu mwingine.

"Kwa kuwa Mwenyekiti wa Milele haguswi na adui," akasema. "Na kwa kuwa anayemtoa Mwenyekiti mezani, awaye yote, hawezi kuitwa rafiki yake. Basi mkono wa Mheshimiwa, endapo utamtoa Mwenyekiti, utahesabika papo hapo kuwa mkono wa adui. Na mkono wa adui hauruhusiwi kumgusa. Kwa hiyo Mheshimiwa, hata kama angependa kumtii Kunguni, anazuiwa na sheria. Mwenyekiti anabaki."

Akaweka kigae chekundu mezani. Kililia to, kidogo tu.

Bendi ikakumbuka kazi yake. Mheshimiwa Tondoro aliutazama mkono wake wa kulia kwa mashaka kidogo. Yaliyofuata yalikuwa ya kumalizia tu: Mwenyekiti asiyeondoka alizila karata za watoto moja moja mpaka mbele ya Bi Mwantumu ikabaki ndimu.

Bi Mwantumu hakupiga kelele. Watu walimngoja apige, yeye ambaye alikuwa akilitukana hata jua likichelewa. Alikusanya karata zake, akafunga pindo, akapita mbele ya kiti cha mwamuzi.

"Haya, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Hakusema kwa kejeli. Aliamini. Alidhani kweli kuna kitu kwenye vitabu ambacho yeye hakukijua. Asumini akainamisha uso, akajifanya anafunga kiatu, na kiatu chake hakikuwa na kamba.

*

Hukumu ile ilisifiwa Nchi nzima. Redio iliirudia asubuhi na jioni. Chuo kikuu kikaiandalia kongamano.

Lakini maofisa wa usalama, ambao husoma kila kitu kwa makini, waliona hatari ndani yake. Mwamuzi amesema wazi kwamba mkono wa kulia wa Mheshimiwa unaweza kuwa mkono wa adui. Je, utajuaje sasa hivi mkono huo unafikiria nini? Mkono ukawekewa ofisa wake, kijana mwembamba mwenye miwani myeusi, ambaye hakuuacha hata chooni. Ulizuiwa kusaini na kusalimia. Mheshimiwa akawa analishwa biskuti na ofisa huyo, na usiku mkono ulifungwa pingu kwenye mguu wa kitanda. Inasemekana ulihojiwa. Haukujibu, na kimya chake kikachukuliwa kuwa kiburi.

Kunguni alipigwa marufuku. Ikatangazwa Operesheni Godoro Safi, na mgambo wakapita nyumba kwa nyumba kupekua karata. Karata walizipata chache. Kunguni wenyewe waliwapata wengi, wakawakamata pamoja na magodoro, na kwa mara ya kwanza serikali ikafanya jambo lililowasaidia wananchi, ingawa walilala chini.

Na Asumini akapewa ajira ya kudumu. Nyumba ilikuwa bado inapakwa rangi, akaambiwa avumilie. Kwa heshima ya pekee kiwanda kikatoa karata yake yeye, na picha yake: Mwamuzi Mwadilifu, kingo za fedha, na chini yake maneno, "Karata hii haiguswi na adui." Mpiga picha alimwambia atabasamu kama mtu aliyetenda haki. Walirudia mara nyingi. Mwishowe mpiga picha akachoka, akasema basi, watarekebisha mdomo kiwandani.

*

Mabomba ya chuma yalianza kuchimbiwa kuvuka barabara. Ufunguo wa koki ungekabidhiwa Ijumaa, pamoja na ngoma na pilau, ila mnyororo ulifungwa mapema ili watu wazoee. Wanawake wakawa wanateka maji kwenye shimo la machimbo ya kokoto, ambako vyura nao walikuwa na madai yao.

Asumini naye alikwenda huko, jua likiwa kali, saa ambayo alidhani hatamkuta mtu. Akamkuta Mama Sharifa na wenzake. Mazungumzo yakakatika kama uzi.

"Shikamoo, Mheshimiwa," Mama Sharifa akasema.

Mama Sharifa alikuwa na wajukuu. Asumini alihisi damu inampanda mpaka kwenye ncha za masikio.

"Jamani, Mama Sharifa. Mimi ndiye wa kukuamkia."

"Aa, tutajuaje? Sisi mikono yetu hatuiamini tena. Pengine hata midomo si yetu." Akampisha kwa adabu kubwa. "Pita, Mheshimiwa, uteke mbele. Wewe hupangi foleni na adui."

Akateka yale matope, hakuna aliyemsaidia kujitwika, akaenda anamwagikiwa. Toka siku hiyo alipita njia ya nyuma, kati ya choo na ukuta, beji yake ya kudumu ameifunika kwa kanga.

Lililomshinda zaidi ni bakuli. Kila asubuhi bado lilikuwako mlangoni, limefunikwa sahani: uji wa Kidawa. Bi Mwantumu hakuacha. Maji ya machimbo aliyachuja kwa kanga, akayachemsha, akayachuja tena, na hata hivyo uji ulikuja na rangi ya kutu, na Kidawa alisikika anatafuna mchanga, kicha kicha, bila kulalamika.

Alhamisi asubuhi, chini ya sahani, palikuwa na kitu kimefungwa kwenye jani la mgomba. Kidawa akakifungua. Kunguni, kona imekunjika, alama ya jino pale pale.

"Bibi Mwantumu!" Asumini alitoka mbio mpaka uani, kwa woga kuliko kwa adabu. "Bibi, hii imekatazwa! Wakiikuta kwako?"

Bi Mwantumu alikuwa amepiga magoti, anapuliza moto. "Ndiyo maana nairudisha. Ni ya mtoto. Niliiazima, sasa mchezo umekwisha." Akafuta macho, moshi ulikuwa mwingi. "Tena nisaidie jambo moja, wewe unayejua. Nalala nikiwaza. Nilikosea wapi? Nilitakiwa nimtupe Mgambo kwanza?"

Asumini alifungua mdomo. Kanuni fupi, haina kona, ilikuwa pale pale kwenye ulimi wake.

"Hukukosea, Bibi," akasema, lakini kidogo mno, na kuni zikalia, na mteja akaita, "Uji upo?"

"Umesemaje, mwanangu?"

"Nasema... nitaangalia kitabuni."

Akaondoka. Aliona afadhali angepigwa na mwiko wa uji.

*

Jioni ile umeme haukuwepo. Asumini alirudi kutoka Idarani, ambako alikuwa ameshinda meza moja na kigae chake. Kilikuwa bado pale, chekundu, na mfagizi alikuwa akipangusa vumbi kukizunguka. Mara kadhaa mkono wa Asumini ulikwenda karibu nacho. Mara zote Bwana Kwangaya alikuwa anapita, anatabasamu, anamwuliza Kidawa hajambo.

Akawasha kibatari, akabandika maharage. Ng'ambo ya barabara walikuwa wanajaribu bendi, na mafundi wanaisafisha sanamu meno. Kidawa alikuwa amekaa mkekani, mguu mmoja huku, mwingine kule, hasemi kitu. Alikuwa na siku kadhaa hasemi kitu. Asumini akatafuta la kumchangamsha, akakumbuka, akatoa kwenye mkoba ile karata ya kingo za fedha.

"Nimekuletea zawadi. Unamwona huyu nani?"

Kidawa akaisogeza kwenye mwanga. Akaitazama picha, akamtazama mama yake, akaitazama picha tena.

"Mdomo si wako."

"Walirekebisha. Si nzuri?"

"Inang'aa," Kidawa akasema kwa upole, kama mtu anayetafuta la kumsifia mgonjwa. Akamrudishia. "Tucheze."

"Tucheze! Mimi nacheza na nini, sina hata karata?"

"Cheza na hiyo."

Asumini akafurahi kusikia sauti ya mwanawe. Akakaa mkekani, akashusha Mwamuzi Mwadilifu mbele yake, akafanya na madoido, kama wakubwa. "Haya! Ninaye mmoja tu, lakini anatosha!"

Akalisikia neno lile la Tondoro linatoka kinywani mwake.

Kidawa aliingiza mkono chini ya mto. Akashusha Kunguni taratibu, akaunyoosha ule mkunjo wa kona kwa kidole gumba.

"Mwanangu, hiyo imepigwa marufuku."

Meza ilikuwa imetuama. Maharage yalichemka peke yake. Mwanga wa kibatari ulicheza juu ya kingo za fedha, na juu ya ule mdomo wa kiwandani uliokuwa unatabasamu bila kuacha. Asumini alitazama maneno yaliyo chini ya picha yake. Akakumbuka chumba cha chekechea, na mchoro wa bata, na mwalimu anacheka, na kanuni ya kuondoa kigae, iliyowekwa kama pazia mahali pasipo na dirisha. Ufunguo ulikuwa bado haujakabidhiwa. Ng'ambo tarumbeta lilikosea noti, likaanza upya.

"Lakini hii yangu haiguswi," akasema. Alitaka iwe mzaha. Ilitoka kama ombi.

Kidawa akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo, yote miwili, ili mama yake aone kwamba hagusi kitu.

"Itoe mwenyewe, mama."